Pua ya Bwana Fakhrudin

Fakhrudin aliposema anakwenda kununua mvinyo mwekundu, mkewe Nargis alicheka mpaka akakiweka chini kisu cha vitunguu. Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, kisha akamwomba arudie, huenda hakusikia vizuri.

"Mvinyo," alirudia Fakhrudin. "Mwekundu. Wa zawadi."

"Wewe, Baba Parin? Wewe unayekataa dawa ya kikohozi kwa sababu hupendi harufu ya chupa?"

"Si wa kunywa mimi. Ni wa wateja."

"Afadhali," alisema Nargis, akakiokota kisu. "Ulivyoingia na uso huo nilidhani umekuja kuniambia unaoa mke wa pili."

Fakhrudin hakucheka. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na tano, Mhindi Mwislamu wa Bohora, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na kofia nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, na jambo hili lilikuwa limemkosesha raha wiki nzima. Duka lake lilikuwa karibu na soko la Tabora, kwenye njia ile ile ambayo zamani wapagazi walipita na pembe za ndovu kwenda pwani, na ambayo mwaka huo wa hamsini na mbili ilipitisha baiskeli, punda, na lori la tumbaku mara moja moja. Mbele ya duka aliuza vitambaa. Nyuma, uani, alinunua asali na nta kutoka kwa warina-asali wa misitu ya Ulyankulu, na huko ndiko jina lake lilikotoka. Mletee kibuyu cha asali, atafungua kizibo, atanusa mara moja, atakwambia imerinwa mwezi gani, moto ulizidi au haukuzidi, na kama mkeo ameiongezea maji njiani. Watu walitoka Usoke na asali zao kwa ajili tu ya kumjaribu, wakarudi wakitikisa vichwa.

Lakini nta ndiyo iliyokuwa biashara kubwa, na mnunuzi wa nta alikuwa mmoja: Bwana Whitcombe, Mwingereza aliyekuja kwa treni kutoka Dar es Salaam kila mwisho wa mwaka kununulia kampuni yake. Mwaka uliopita Bwana Whitcombe alikwenda kwanza kwa Tajdin, jirani na mshindani wa Fakhrudin, akachukua nta yake yote. Kisha akaja kwa Fakhrudin, akachukua nusu tu, akapanda treni. Fakhrudin alitafuta sababu miezi kumi na mmoja. Mwishowe aliipata, au alidhani ameipata. Krismasi ile Tajdin alikuwa amempa Bwana Whitcombe chupa mbili za mvinyo mwekundu. Yeye Fakhrudin alimpa saa ya mezani yenye picha ya bata, ambayo kwa taarifa zilizomfikia baadaye, ilisimama siku ya tatu.

Mwaka huu hakutaka kosa. Bwana Whitcombe angefika Jumamosi. Angekutana hotelini na Bwana Stavro, Mgiriki mkulima wa tumbaku wa Usoke, aliyenunua maturubai na kamba zake zote kwa Fakhrudin. Wateja wawili wakubwa, meza moja. Chupa moja kwa kila mmoja, basi, heshima imekwisha kuwekwa.

"Na utaujuaje mzuri na mbaya?" aliuliza Nargis.

Hapo ndipo shida ilipokuwa.

*

Tabora nzima ilijua mtu mmoja mwenye elimu ya mvinyo, naye ni Wenceslaus wa mtaa wa Ng'ambo, mpishi mstaafu aliyewapikia mabwana shauri watatu wa serikali na askofu mmoja aliyekuwa safarini. Alijua chupa ipi inakwenda na kanga wa kuokwa na ipi inafunguliwa saa moja kabla ya chakula. Jinsi alivyoyajua haya bila kuonja ni swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza.

Fakhrudin alimkuta kwenye kibaraza chake anasuka kamba za kiti.

"Shikamoo, Mzee Wenceslaus."

Wenceslaus aliinua macho. Alimjua Fakhrudin tangu akiwa mtoto wa kaptula, na miaka yote hiyo, kutoka ng'ambo ya kaunta, alikuwa akiitwa "Wensi" tu. Aliiweka kamba chini polepole.

"Marahaba," alisema, akaivuta ile marahaba kama mtu anayevuta ndoo ya kisima kirefu. "Marahaba, mwanangu. Naona shida yako ni kubwa."

Fakhrudin alimweleza. Wenceslaus alisikiliza huku akiitikia kwa kichwa, kama daktari anayesikia ugonjwa anaoufahamu.

"Ulitaka kununua chupa gani?"

"Ile ya dirishani kwa Bwana Mascarenhas. Yenye picha ya kasri. Ndiyo ya bei ya juu kuliko zote."

"Kwa hiyo umechagua kwa picha."

"Ni picha nzuri."

"Picha ni nzuri sana," alikubali Wenceslaus, akanyanyuka kutafuta koti lake. "Mkeo ulimchagua vivyo hivyo?"

*

Mascarenhas alikuwa Mgoa mwembamba mwenye duka la vyakula vya makopo, jibini na vinywaji vya Wazungu. Wakati ule sheria haikumruhusu Mwafrika kuuziwa wala kumiminiwa mvinyo wa Kizungu bila kibali. Basi walipoingia wawili hawa, mambo yalikaa hivi: aliyeruhusiwa kununua hakujua lolote, na aliyejua hakuruhusiwa kushika glasi. Wenceslaus alisimama karibu na mlango, mikono nyuma, ili askari akipita amwone mtu anayengoja kununua sabuni.

"Nataka ile ya kasri," alisema Fakhrudin. "Mbili."

"Imekaa hapo dirishani tangu lini?" aliuliza Wenceslaus kutoka mlangoni, akitazama dari.

Mascarenhas alikohoa. "Si muda mrefu."

"Jua linaingia hapo kuanzia saa nane. Na juu ni bati. Hebu kitazame kizibo, Bwana Fakhrudin. Si kimesukumwa juu kidogo?"

Kizibo kilikuwa kimesukumwa juu kidogo. Mascarenhas, ambaye alikuwa mtu wa haki ingawa hakupenda kuharakishwa kuifikia, alichukua kizibuo akaifungua chupa ile palepale. Alimimina kidogo katika glasi, akaionja, akafumba jicho moja.

"Kwa kachumbari," alisema kwa huzuni, "inafaa."

Kwa aibu ile alifungua mbili nyingine kwa hiari yake. Lakini yeye mwenyewe alikiri kuwa ugoro wa miaka thelathini umemuua ulimi, siki tu ndiyo anayoweza kuitambua. Glasi mbili zikawa mezani, na hakuna wa kuzihukumu.

"Nusa," alisema Wenceslaus.

"Nani, mimi?"

"Si wewe unayenusa asali mpaka unataja mwezi? Nusa. Sijakwambia unywe."

Fakhrudin alitazama barabarani. Alitazama tena. Mafundisho yote aliyopewa tangu utotoni yalikuwa juu ya kunywa. Juu ya kunusa hakukumbuka yoyote, ingawa alihisi kwamba hiyo ni kwa sababu hakuna mwalimu aliyefikiri kuna mtu atauliza. Aliinua glasi ya kwanza kwa vidole viwili, mbali na nguo zake, akaisogeza puani.

"Unasikia nini?"

"Ngozi. Viatu vipya. Na... maji yaliyochemshiwa mayai."

"Weka chini. Ya pili."

Chupa ya pili Mascarenhas alikuwa ameitoa chini ya kaunta, ndani ya sanduku la majani makavu, ambako ililala ubavu pamoja na wenzake, na vumbi lake. Karatasi yake haikuwa na picha yoyote, maandishi ya Kireno tu. Fakhrudin alinusa. Alinusa tena, na safari hii alifumba macho bila kujua, kama afanyavyo uani wakati kibuyu ni kizuri.

"Zambarau," alisema. "Zile zilizoanguka zenyewe. Moshi kidogo, lakini moshi wa mbali, mti wenyewe haukuungua. Na kwa chini, chini kabisa, kuna kitu kama asali nyeusi ya mwisho wa msimu, ile ya msitu mnene, isiyokuwa tamu sana."

"Endelea," alisema Wenceslaus kwa sauti nzito. Naye alikuwa amefumba macho.

"Na udongo. Baada ya mvua ya kwanza."

Wenceslaus alimeza mate kwa sauti. "Hiyo ndiyo," alisema. "Mungu wangu. Hiyo hasa."

Na hivyo ndivyo walivyokuwa, mmoja mlangoni amefumba macho, mwingine katikati ya duka amezamisha pua katika glasi, wakati Tajdin alipoingia kununua biskuti.

Tajdin alikuwa mnene, mchangamfu, na mwenye kumbukumbu nzuri ya mambo ya wenzake. Alisimama. Aliitazama glasi, akamtazama mwenye pua.

"Mashallah, Bwana Fakhru," alisema kwa upole. "Saa nne asubuhi?"

"Nanusa tu."

"Naona. Na Bwana Mascarenhas anauza tu, na Mzee Wenceslaus amesinzia tu." Akachukua biskuti zake, akaaga kwa heshima, akatoka haraka kuliko alivyoingia.

*

Fakhrudin alifika nyumbani na chupa mbili za Kireno ndani ya mfuko wa unga, akakuta habari zimemtangulia. Juu ya meza palikuwa na kikapu cha ndimu.

"Kutoka kwa mama yangu," alisema Nargis. "Amesema ukamulie kwenye maji, unywe kabla ya kulala. Kichwa hakitakuuma asubuhi."

"Nargis, nilinusa."

"Ndivyo nilivyomwambia. Akasema baba yake mdogo naye alianza hivyo hivyo."

Ijumaa msikitini ilikuwa mbaya zaidi. Wazee wawili walimpa mkono kwa mapenzi yasiyo ya kawaida, na kila mmoja, alipomsogelea, alivuta pumzi kidogo karibu na ndevu zake. Mmoja alimwuliza kama biashara inamchosha. Fakhrudin alijibu maswali yote kwa adabu, akarudi nyumbani akiwa na uhakika wa jambo moja tu: chupa zile sharti zilete faida, maana hasara yake tayari ameipata.

*

Jumamosi aliwakuta wateja wake kwenye baraza ya hoteli, wameketi mezani, feni inazunguka juu yao bila kuleta upepo. Bwana Whitcombe alikuwa mrefu, mwekundu, mwenye Kiswahili cha miaka kumi na tisa na sahani ya uji mbele yake. Bwana Stavro alikuwa mfupi, mwenye masharubu, na mbele yake palikuwa na nyama ya mbuzi.

Fakhrudin alitoa hotuba aliyoikariri. Kwa Krismasi yenu, kwa afya zenu, kwa biashara yetu. Akaweka chupa mbili mezani, zimefungwa kwa kitambaa cha hariri kutoka dukani.

Stavro hakungoja. Aliomba kizibuo, akamimina, akaunusa. Kisha akanywa, akaigeuza chupa kusoma maandishi yake. "Nani amekuchagulia huu?" aliuliza.

"Mimi mwenyewe."

"Wewe? Hunywi."

"Nilinusa," alisema Fakhrudin, na kwa mara ya kwanza wiki ile alilisema neno hilo bila aibu. Akaeleza habari za zambarau, moshi na udongo. Stavro alisikiliza, akanusa tena kwa kila neno, akapiga meza. "Zambarau! Kweli! Mimi nanywa tangu mtoto, sijawahi kusikia mtu akiueleza hivi."

Bwana Whitcombe alikuwa anaitazama chupa yake kwa macho ya mtu anayetazama treni iliyokwisha kuondoka. Aliisukuma polepole kuelekea kwa Stavro.

"Bwana Fakhrudin, nakushukuru sana," alisema. "Lakini mimi nina vidonda vya tumbo. Daktari amenikataza mvinyo, huu ni mwaka wa tatu sasa. Unaona mwenyewe, nakula uji."

Fakhrudin aliuona uji. Alihisi baraza inayumba kidogo, ingawa hakuwa amekunywa chochote.

"Lakini mwaka jana," alisema, "Bwana Tajdin alikupa chupa mbili."

"Kweli. Nilimpa daktari."

"Mbona basi ulikwenda kwake kwanza?"

Maneno yalimtoka kabla hajayafunga. Whitcombe alimtazama, akaona kwamba mtu huyu anauliza kwa moyo wote, akainama kwenye mkoba wake. Alitoa kipande cha nta kilichofungwa katika gazeti, nusu ya tofali, kimekatwa kwa kisu katikati.

"Hii ni ya kwako, ya mwaka jana. Natembea nayo kuwaonyesha watu."

Juu nta ile ilikuwa ya manjano safi. Lakini ndani, mahali kisu kilipopita, palikuwa na mstari mweusi wa mchanga, vipande vya magome, na mguu wa nyuki ulionyooka vizuri kana kwamba unaelekeza njia.

"Ya Tajdin," alisema Whitcombe, "ni safi mpaka katikati. Ni hilo tu, bwana. Na ile saa ya bata niliipenda sana. Ipo mezani kwangu. Haitembei, lakini naipenda."

Fakhrudin alikigeuza kile kipande mikononi. Mtu anayenusa kibuyu akataja mwezi, alikuwa ameuza tofali la nta bila kulikata. Stavro, kwa huruma, alimsogezea glasi, akakumbuka, akairudisha, akamsogezea bakuli la karanga.

*

Alirudi uani mwake kwa miguu, jua la utosi. Mahona, Mnyamwezi aliyemchemshia nta kwa miaka sita, alikuwa anachochea moto chini ya pipa. Fakhrudin alimwonyesha kile kipande.

Mahona alikitazama bila mshangao. "Kitambaa cha kuchujia," alisema. "Kimetoboka. Nilikwambia tangu Kwaresima ya mwaka jana, Bwana. Ukasema tutanunua."

"Nilisema hivyo?"

"Ukasema tena wakati wa Pasaka."

Kitambaa cha marekani, kizito, kilichofumwa vizuri, kilikuwa kwenye rafu ya tatu ndani ya duka la Fakhrudin mwenyewe, hatua kumi na tano kutoka kwenye pipa. Kilikuwa hapo muda wote. Aliingia, akajipimia yadi nne, akazikata, akatoka. Alivua koti, akakunja mikono ya kanzu, na kwa mara ya kwanza tangu baba yake afariki akashika upande mmoja wa kitambaa, Mahona akashika mwingine. Waliyeyusha upya nta yote ya mwaka ule, tofali kwa tofali. Walichuja Jumamosi mpaka jua likaelekea kuzama, wakachuja Jumapili baada ya Mahona kutoka misani, wakachuja Jumatatu. Kanzu iliharibika. Nargis aliwaletea chai, akasimama kumtazama mumewe akimwagikwa na jasho.

"Huyu sasa amelewa," alimwambia Mahona, na Mahona akalazimika kugeukia upande wa pili ili asicheke mbele ya mwajiri wake.

Jumanne Bwana Whitcombe alikuja na kisu. Alichagua tofali mwenyewe, la katikati ya rundo, akalikata. Akatazama. Akachagua jingine, akalikata. Kisha akalileta moja puani, akamtazama Fakhrudin kwa pembeni.

"Nisikie nini?" aliuliza.

"Maua ya miombo," alisema Fakhrudin. "Na hakuna mguu."

Alinunua yote. Na kwa Tajdin vilevile alinunua yote, maana nta safi ilikuwa haba mwaka ule, na kampuni ilikuwa na njaa nayo. Jioni Tajdin alipita, akasimama mlangoni, akasema amesikia chupa zile zilileta baraka, na kwamba yeye naye mwakani atampa Bwana Whitcombe sanduku zima. Fakhrudin alikuwa na jibu zuri sana ulimini. Lilikuwa na daktari ndani yake. Alimwacha Tajdin ashuke ngazi, apite duka la fundi saa, karibu apinde kona. Kisha akamwita, akamrudisha, akamkalisha, akamweleza kila kitu, pamoja na uji. Tajdin alicheka mpaka akakohoa, akala ndimu mbili za mama mkwe kwa chumvi, akaenda zake akiwa bado anasema, "Kwa daktari! Kwa daktari!"

Nyuma yake Nargis alitoka na birika. Alimmiminia mumewe chai, akakaa kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Bwana Stavro ameleta barua," alisema. "Binti yake anaolewa mwezi wa pili. Anataka umchagulie mvinyo wa harusi. Chupa sitini."

Fakhrudin aliweka kikombe chini. "Nitamwambia hapana. Wazee watasemaje?"

"Sitini ni nyingi," alisema Nargis. Akakizungusha kifuniko cha birika. "Hebu niambie. Ule wa Kireno ulikuwa unanukiaje hasa?"

Akamwambia. Hakuharakisha: zambarau, moshi wa mbali, asali nyeusi, udongo baada ya mvua ya kwanza. Alitafuta neno la kitu kimoja alichokuwa hajamwambia mtu, harufu ndogo iliyokuja mwisho kabisa, glasi ilipokuwa karibu kuondoka puani, akalikosa, akalitafuta kwa mikono hewani.

Nargis alimsikiliza mpaka mwisho, akimtazama usoni.

"Haya," alisema, akainuka kuchukua kikombe. "Mwambie hapana. Au ukikubali, siku ya kwenda kunusa twende wote wawili."